Mizani ya Magurudumu: Tarehe ya Magari Yaliyoshushwa ya Los Angeles

Upande wa mashariki wa mji wa Los Angeles, huko California, imepita barabara ndefu iitwayo Whittier Boulevard, ambayo kwa miaka mingi, kazi za juma zilipokwisha na jua lilipokwisha kutua, iligeuka kuwa baraza la watu waliotembeleana kwa magari: magari yaliyong'arishwa hata yakawa kama vioo, yakienda mwendo wa arusi, na matumbo yake yakiikaribia lami kiasi cha kumfanya mtazamaji ayahofie. Watu wa mitaa hiyo, ambao wengi wao ni Wamarekani wenye asili ya Meksiko, wana msemo wa Kihispania wa kuueleza mwendo huo, nao ni *bajito y suavecito*, yaani chini na kwa upole. Mgeni akiyatazama magari hayo huvutwa kwanza na rangi, na kromu, na mahameli ya viti, na wengi walioyaandika wameishia hapo hapo. Lakini mwenye kuijua amali ya ufundi huinama akayatazama magurudumu, akapima kwa jicho kama yamesimama sawa, kama yanaelekea njia moja, na kama yamekaa ndani ya madigadi pasipo kugusa. Kwa maana kulishusha gari ni jambo la saa moja kwa mwenye msumeno, ilhali kulishusha na bado likaenda sawa ni elimu iliyochukua umri wa vizazi viwili kukusanywa, na tarehe ya elimu hiyo ndiyo ninayotaka kuisimulia.

Asili ya mtindo huu ni katika miaka ya 1940. Wakati huo vijana wa Kimeksiko wa Los Angeles waliojulikana kwa jina la mapachuko walikuwa wakivaa makoti marefu na suruali pana zilizobanwa vifundoni, na mavazi hayo peke yake yalitosha kuwaletea madhila, hata katika mwezi wa Juni 1943 askari na mabaharia waliingia mitaani wakawa wanawapiga na kuwavua nguo hadharani. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, wengi wa jamii hiyo walirudi kutoka jeshini wakiwa na akiba ya fedha na, lililo kubwa zaidi, wakiwa na ujuzi wa mitambo walioupata katika karakana za serikali, wakanunua magari ya Chevrolet yaliyokwisha kutumika, ambayo bei yake waliimudu. Katika zama hizo hizo vijana wengine wa California walikuwa wakiyapunguza magari yao uzito na kuyaongezea nguvu, wapate kushindana mbio katika ziwa kavu la El Mirage. Lakini watu wa mitaa ya mashariki walichagua kinyume cha hayo, wakataka gari liwe zito, lipambwe, liende taratibu, lionekane na kila aliye barazani. Kwa watu waliozoea kuambiwa waondoke njiani, kupita polepole katikati ya njia kulikuwa ni namna ya kudai heshima.

Njia za kwanza za kulishusha gari zilikuwa za uhitaji. Mtu aliyetaka shepu hiyo kwa jioni moja tu alijaza mifuko ya mchanga au ya saruji katika buti, na kesho yake akaipakua aende kazini. Aliyetaka idumu alikata mizunguko ya springi, au aliiunguza springi kwa moto wa gesi mpaka ikalegea na kukaa, au aliweka matofali ya chuma baina ya ekseli ya nyuma na springi zake za majani. Kila njia katika hizi ilitimiza tamaa ya jicho na kuacha deni mahali pengine: springi iliyokatwa huwa ngumu kupita kiasi na hupunguza nafasi ya gurudumu kupanda na kushuka, iliyounguzwa hupoteza ugumu iliotiwa kiwandani, nayo huendelea kulegea siku baada ya siku, na gari lililobebeshwa mchanga nyuma huinua pua, taa zake zikamulika vilele vya miti, na usukani wake ukabadilika uzito mkononi mwa dereva. Badiliko hilo la usukani halikuwa dhahiri kwa macho, na ndilo lililowafundisha wale vijana kwamba gari ni kiwiliwili kimoja, na kwamba anayekigusa kisigino amekwisha kuligusa goti.

Ili msomaji aifahamu hekima hiyo yafaa kueleza kwanza jinsi gurudumu la mbele linavyosimama, kwani hilo ni jambo la zamani kuliko motokari yenyewe. Georg Lankensperger, mtengenezaji wa magari ya farasi katika mji wa Munich, alibuni mtambo wa kuyafanya magurudumu mawili ya mbele yageuke kila moja katika egemeo lake, la ndani ya kona likigeuka zaidi kuliko la nje, na wakili wake Rudolph Ackermann akauandikishia hataza huko London mwaka 1818, ndiyo maana hata leo unaitwa kwa jina la wakili na mwenye mali amesahauliwa. Baadaye, mwaka 1896, Mfaransa Arthur Krebs alieleza faida ya kuuinamisha nyuma mhimili ambao gurudumu hugeukia, ili usukani ukiachwa urudi wenyewe katikati. Na mwinamo huo ndio mafundi wauitao kasta. Kipimo cha pili ni kemba, nao ni ulalo wa gurudumu likitazamwa kutoka mbele: kichwa cha gurudumu kikiegemea ndani, kemba husemwa ni hasi, na kikiegemea nje husemwa ni chanya. Kipimo cha tatu ni too, ambayo mtu huiona akilitazama gari kutoka juu, kama vile anavyoweza kumwona mtu atembeaye vidole vya miguu vikielekeana au vikikimbiana.

Vipimo hivi vitatu hukaa pamoja kama ndugu wa tumbo moja, na kushusha gari huvigusa vyote kwa mara moja. Gurudumu la mbele hushikwa na mikono miwili ya chuma, mmoja juu na mmoja chini, ambayo haina urefu mmoja. Kwa hiyo gari likipanda au likishuka, ncha ya kila mkono huchora upinde wake, na kwa kuwa pinde hizo hazilingani, gurudumu hulazimika kulala upande. Hali kadhalika fimbo ya usukani huchora upinde wa tatu, nayo ikitofautiana na mikono, hulivuta au kulisukuma gurudumu, na too ikabadilika bila ya dereva kuugusa usukani. Kemba iliyozidi hula tairi kwenye ukingo mmoja, lakini huila kwa subira. Too mbaya huiburura tairi ubavu ubavu katika kila hatua ya safari, na huimaliza haraka zaidi. Fundi mzoefu hana haja ya chombo kuijua tofauti hiyo: hupitisha kiganja juu ya meno ya tairi kwenda na kurudi, na akihisi kwamba upande mmoja ni laini na upande wa pili unakwaruza kama magamba ya samaki, hujua kwamba tatizo liko katika too.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 sharia ya California iliingia katika jambo hili. Kifungu cha 24008 cha Kanuni za Magari kilikataza kuendesha gari la abiria lililobadilishwa umbo lake la asili hata sehemu yake yoyote, isipokuwa magurudumu, ikawa karibu na barabara kuliko ukingo wa chini wa rimu. Kwa maandishi yake sharia hiyo ilihusu usalama, na wala siwezi kusema kwamba gari ambalo chesi yake hukwaruza lami si hatari. Lakini katika mitaa ya mashariki iliwapa polisi sababu ya kumsimamisha kijana barabarani na kuinama na kipimo ubavuni mwa gari lake, na wengi waliosimamishwa waliona kwamba kinachopimwa ni wao wenyewe.

Jawabu la mafundi lilikuwa la ustadi mkubwa. Mwaka 1959 Ron Aguirre, kijana wa San Bernardino, alitia katika gari lake la Chevrolet Corvette, lililopata jina la X-Sonic, pampu na vali za haidroliki za Pesco, ambazo zilikuwa zimetengenezwa kwa kazi za ndege. Kwa kubonyeza swichi alilishusha gari likalala, na kwa kubonyeza tena aliliinua likafikia kimo ambacho sharia haikuwa na la kusema. Mafundi wengine wakafuata, na pampu za ndege zilipoadimika wakageukia zile za kuinulia milango ya nyuma ya malori ya mizigo. Buti, lililokuwa likijazwa mchanga, sasa likajaa betri zilizofungwa kwa mfuatano, kwani betri 4 za volti 12 hutoa volti 48, na kadiri volti zinavyozidi ndivyo gari linavyoinuka upesi. Mfuko wa saruji na pampu ya mafuta zilikusudia jambo moja. Lakini pampu ilimpa mwenye gari khiyari ambayo mfuko haukuweza kumpa, yaani kubadilisha kimo wakati wowote, na khiyari hiyo ikazaa mushkeli mpya.

Gari lililopendwa kuliko yote katika kazi hii ni Impala ya Chevrolet, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1958. Tangu mwaka huo hadi 1964 Impala ilijengwa juu ya chesi yenye umbo la herufi X, iliyobanwa katikati na kupanuka kwenye ncha, na chesi hiyo ilifaa sana kwa kushushwa na kwa kutiwa haidroliki. Mbele yake, pale mhimili wa mkono wa juu unapofungwa kwenye chesi, kiwanda kilipanga vibati vyembamba vya chuma vya kurekebishia: ukiongeza au kupunguza vibati sawasawa katika boliti mbili, kemba hubadilika, ukiongeza katika boliti moja na kupunguza katika ya pili, kasta hubadilika, na hayo yakiisha ndipo huzungushwa mirija ya fimbo za usukani ili kuiweka too. Utaratibu huo haupinduliwi, maadamu kila badiliko la kemba na kasta huivuruga too, na mwenye kuanza na la mwisho hujikuta ameifanya kazi mara mbili.

Lakini vibati vya kiwanda vilikusudiwa kurekebisha hitilafu ndogo za gari linalokaa katika kimo chake cha asili. Gari linalolala chini jioni na kusimama juu kama ngamia mbele ya umati wa watu hupita mbali sana na mipaka hiyo, na likiinuliwa hadi mwisho vichwa vya magurudumu ya mbele huvutwa ndani na miguu yake ikafunguka nje. Mafundi wakaushika basi mkono wa juu wenyewe, wakaukata, wakauongezea kipande cha chuma, mara nyingi cha inchi 1 hivi, wakauchomelea na kuutilia nguvu, ili gurudumu lisukumwe nje kwa juu na lionekane limesimama imara gari linapokuwa limeinuka. Kazi hiyo huhitaji mkono mtulivu, kwani mshono wa weldi ulio mbaya katika mkono wa gurudumu ni mauti yanayongoja siku yake.

Nyuma kulikuwa na mtihani mwingine. Ekseli ya Impala za mwanzo wa miaka ya 1960 huzuiwa isicheze upande na fimbo ndefu ya kukingama, iliyofungwa ncha moja kwenye chesi na ya pili kwenye ekseli, nayo inaitwa fimbo ya Panhard kwa jina la kampuni ya Ufaransa, ile ile ambayo Krebs alikuja kuiongoza. Fimbo hiyo nayo huchora upinde. Kwa hiyo gari likishushwa sana au likiinuliwa sana, ekseli nzima husogea upande, na gurudumu la ubavu mmoja hulikaribia bati ilhali lile la pili huachana nalo. Wengi waliokata madigadi kwa kudhani kwamba rimu ni pana mno walikuwa wakimwadhibu asiye na hatia. Waliojua walirekebisha urefu wa fimbo, au waliiondoa na kuweka mahali pake kiungo chenye pembe kama mfupa wa kidari cha kuku, ambacho huishika ekseli katikati katika kimo chochote. Kadhalika shafti ya kupeleka nguvu nyuma, ambayo katika chesi ya X ina vipande viwili, ilibidi ipewe nafasi ya kurefuka na kufupika, kwani ekseli inaposhuka chini ya gari huivuta, na pembe ya viungo vyake hubadilika.

Katika suala la rimu na jinsi zinavyokaa, tarehe yake ni ya kupendeza. Katika miaka ya 1960 mafundi walikuwa wakichukua rimu za chuma, wakauondoa moyo wake na kuuchomelea kinyume, ili kikombe cha rimu kitazame nje, kisha wakazitia kromu. Baadaye zikatawala rimu za nyaya zenye kipenyo cha inchi 13 na upana wa inchi 7, zenye tairi nyembamba za 155/80, ambazo kwa udogo wake huishusha Impala hata kabla springi haijaguswa, kwa kuwa ilizaliwa na rimu za inchi 14. Rimu hizo zikiwekwa nyuma, ukingo wake hulisugua bati, hasa ikiwa gurudumu limefunikwa kwa ngao ya pembeni. Na kwa hiyo mafundi mahodari hawakuridhika kulipinda bati, bali waliitoa ekseli, wakaikata, wakaifupisha pande zote mbili, wakairudisha, gurudumu likaingia ndani ya ngao pasipo kugusa. Fauka ya hayo, walijifunza kwamba rimu inaposogezwa nje uzito wa gari huhama kutoka pale beringi zilipopangiwa kuubeba, na kwamba uzuri ulionunuliwa kwa beringi hulipwa barabarani.

Sasa tuurudie ule mushkeli nilioutaja, kwani ndio roho ya tarehe hii. Gari la kiwandani lina kimo kimoja, na vipimo vyake vyote vimefungwa na kimo hicho. Lakini gari lenye haidroliki lina vimo visivyo idadi, nalo haliwezi kuwa sawa katika vyote, kwa sababu zile pinde za chuma haziwezi kulingana kila mahali. Fundi basi humwuliza mwenye gari swali ambalo mwenye gari la kawaida hajapata kuulizwa: utasafiri nalo likiwa katika kimo gani? Wakishakubaliana, huliweka gari katika kimo hicho, hulipima kutoka ardhini hadi ukingo wa madigadi katika pembe zote nne, na kuanzia hapo huvitafuta vipimo vyake vitatu. Zana za kazi hii, kabla ya kuja mitambo ya mwanga na kompyuta, zilikuwa zile zile anazozijua seremala na mwashi popote duniani: uzi ulionyoshwa ubavuni mwa gari kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, timazi la kuonyesha wima, pimamaji, na chaki ya kupiga mstari mwembamba juu ya tairi inayozungushwa, ili umbali baina ya mistari miwili upimwe mbele na nyuma ya magurudumu na tofauti yake ijulikane. Kilichohitajika zaidi ya zana ni insafu, kwa maana uzi haumjui tajiri wala maskini, na gari lililopakwa rangi kwa miezi mingi husimama mbele yake sawa na lile lililotoka jalalani.

Elimu hii haikuandikwa vitabuni mwanzoni. Ilikaa katika vilabu vya magari, ambavyo vilikuwa pia vyama vya ujirani na vya kuzikana: Dukes, kilichoanzishwa mwaka 1962 na ndugu wa ukoo wa Ruelas kusini mwa Los Angeles; Imperials, cha mashariki; na vingine vingi. Mwaka 1977 huko San Jose likazaliwa gazeti la *Low Rider*, na yaliyokuwa siri za karakana yakapata njia ya kufika miji ya mbali. Katika klabu ya Imperials ndipo lilipotoka gari mashuhuri kuliko yote, Gypsy Rose ya Jesse Valadez, Impala ya mwaka 1964 iliyochorwa mawaridi zaidi ya 100, ambayo mamilioni ya Wamarekani waliiona ikipita katika utangulizi wa mchezo wa televisheni wa *Chico and the Man*. Mwaka 2017 gari hilo liliwekwa ndani ya sanduku la kioo katika uwanja wa taifa huko Washington, likaandikwa katika daftari la magari ya historia ya nchi, nchi ile ile ambayo polisi wake walikuwa wakiyapima magari ya namna hiyo barabarani.

Tena barabara zenyewe zilikuwa zimekwisha kufungwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Whittier Boulevard ilizuiwa kwa watembeao kwa magari nyakati za usiku, na miji mingine ya California ikatunga makatazo yake; National City, karibu na mpaka wa Meksiko, iliweka la kwake mwaka 1992. Vilabu vikaendelea kukutana penye ruhusa, wazee wakawafundisha wana wao, na miaka ikapita. Hatimaye mwezi wa Oktoba 2023 gavana wa California alitia sahihi mswada nambari 436 wa Baraza la Wawakilishi, ulioondoa mamlaka ya miji kukataza matembezi hayo na kukifuta kile kifungu cha 24008, na tangu tarehe 1 Januari 2024 hakuna tena sharia ya jimbo hilo inayolilinganisha gari na ukingo wa rimu yake.

Mtu angeweza kudhani kwamba haidroliki, iliyobuniwa kwa ajili ya kukwepa sharia, ingekuwa haina kazi siku sharia ilipoondoka. Haikuwa hivyo. Magari yangali yanainuka na kulala, na karakana zingali zinaongeza mikono ya juu na kufupisha ekseli, kwa sababu yale ambayo watu walilazimika kuyajifunza yalikwisha kuwa urithi wao. Na usiku unapokuwa mkubwa, watu wanapoagana na kila mmoja kushika njia ya kwake, mwenye gari huketi nyuma ya usukani, hubonyeza swichi, huliinua gari kutoka lilipolala mpaka kwenye kile kimo alichoafikiana na fundi. Huko chini, mahali ambapo hapana anayetazama, magurudumu husimama sawa, naye huondoka kwenda nyumbani.